Weupe wa Kope

Mbuzi wa kwanza alipokufa, Mama Kauli alisema ni bahati mbaya. Wa pili alipokufa, alisema ni jicho la watu. Asubuhi alipomkuta yule mweusi mwenye mimba amelala ubavu mlangoni mwa banda, shingo imenyooka na mdomo umejaa udongo, hakutaja bahati wala jicho. Alimsukuma kwa ncha ya kandambili. Mbuzi hakutikisika. Akageuka, akaita kwa sauti ambayo majirani waliijua vizuri.

"Wewe Bi Harusi! Njoo uone kazi yako!"

Bi Harusi alikuwa mke wa mwanawe. Mtaa mzima ulimwita hivyo tangu siku aliyoletwa, na jina lilimganda kwa sababu mtoto wa kumpa jina jingine alikuwa bado tumboni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini wiki nyingi kuliko alizolala nyumbani. Bi Harusi alitoka chumbani polepole, ameshika ukuta. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa kichwani, na kadi ya kliniki mkononi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Unakwenda wapi umejipamba hivyo?"

"Leo ni siku yangu ya kliniki, mama."

"Kliniki!" Mama Kauli alionyesha mzoga kwa kidole. "Huyu alikuwa na watoto wawili tumboni. Jana ulimrudisha ukaniambia hajambo."

"Alikuwa anabaki nyuma. Nilikwambia."

"Uliniambia anabaki nyuma. Hukuniambia anakufa."

Mama Kauli hakuitwa hivyo bure. Neno likishamtoka mdomoni hakulirudisha, hata kama linamuunguza mwenyewe. Na siku hizi maneno yake yalikuwa makali zaidi, kwani mbuzi ndio waliokuwa wakiiendesha nyumba. Mumewe, fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembelea fimbo na kuzitazama nyumba alizojenga akiwa amekaa. Maziwa na vitoto vya mbuzi ndivyo vilivyochukua nafasi ya mwiko na timazi yake.

Kabla mzoga haujapoa, pikapu ya Kisu ilisimama nje ya ua. Kisu alikuwa muuza nyama, mtu mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye pua ya kunusa msiba.

"Poleni. Huyo siwezi kumgusa, mzoga siuzi," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini hao waliosimama, mama, niuzie leo. Kesho nitakuja kukwambia pole nyingine."

"Kwa bei gani?"

Kisu akaitaja. Mama Kauli akacheka kicheko kikavu.

"Hiyo ni bei ya mbuzi au ya kamba yake?"

"Mama, watazame mwenyewe. Mifupa imevaa ngozi. Yule pale amefura chini ya taya kama ana mfuko wa maji. Mimi nawaonea huruma tu."

"Huruma yako kamuonyeshe mkeo. Ondoka, kunguru we!"

Kisu akaondoka akicheka, na kicheko chake kilibaki uani baada ya gari kupotea. Mwashi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo, akatoa simu mfukoni akampigia bwana mifugo.

"Na wewe," Mama Kauli alimwambia Bi Harusi, "hilo gauni livue. Mbuzi wanahitaji wa kuwashika."

"Mama, kliniki iliyopita pia nili—"

"Kliniki haikimbii. Mbuzi wanakufa."

Bi Harusi aliitazama kadi, akaitazama njia. Kisha akarudi ndani kubadili nguo.

Bwana mifugo alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vya mpira na pikipiki iliyokohoa kuliko ilivyonguruma. Hakukaa alipokaribishwa kiti. Alimshika jike mmoja mwekundu, akamfunua kope ya chini kwa kidole gumba.

"Sogeeni mtazame. Hapa ndani panatakiwa pawe pekundu, kama ndani ya mdomo wako. Huyu unamuonaje, mama?"

"Mweupe."

"Mweupe kama karatasi. Damu imekwisha."

"Imekwenda wapi, na kidonda hana?"

Bwana mifugo akamwendea yule aliyekufa, akampasua tumbo kwa kisu kifupi, akatafuta humo mpaka akalipata tumbo la mwisho, lile linalotangulia utumbo. Alipolifungua na kumwagia maji, vitu vyembamba kama uzi, vimejisokota vyeupe kwa vyekundu, vikaanza kujinyonganyonga. Vilikuwa vingi kama nyuzi za pindo lililofumuka. Mama Kauli, aliyewahi kuosha maiti za watu bila kupepesa, alijifunika mdomo kwa upande wa nguo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mwashi.

"Hao hawakuhangaika na nguo, mzee. Waliingia moja kwa moja," alijibu bwana mifugo, akainuka. "Dawa mliwapa?"

"Tuliwapa," alisema Mama Kauli. "Nilinunua chupa, nikaigawa wote wapate."

"Kila mmoja akapata ya kulamba. Mama, minyoo ukiionjesha dawa haifi. Inaizoea tu, kesho inakuomba chumvi."

Siku nyingine Mama Kauli angemjibu. Siku hiyo alikwenda kumleta mbuzi wa kwanza.

Kazi ikaanza. Bwana mifugo alimpima kila mbuzi kifuani kwa utepe akakisia uzito wake, akavuta dawa kwenye bomba na kuimimina nyuma ya ulimi. Bi Harusi aliwashika pembe na kuwabana magotini, peku, tope likimpanda kwenye vidole. Kandambili zake zilikatika zamani, na mara mbili alizoomba nyingine aliambiwa asubiri mbuzi wauzwe. Kila alipomwachia mbuzi mmoja alisimama kwanza, mkono kiunoni, mdomo wazi, kabla ya kumfuata mwingine.

"Sasa nisikilizeni," alisema bwana mifugo akinawa. "Hawa wasitoke kwanza. Msiwakimbize, msiwapandishe mlima. Mnyama aliyeishiwa damu ukimwendesha anakufa njiani, moyo hauna cha kusukuma. Waleteeni majani hapa hapa, mazuri, ya mikunde mkiyapata, na maji safi. Maziwa msinywe mpaka nitakapowaambia. Kila asubuhi funueni kope mtazame. Na wakishapata nguvu, kule walikokuwa wanalishwa wasirudi. Nani anawachunga?"

Wenyeji wote wawili walimgeukia Bi Harusi. Macho yalijibu.

"Mimi," alisema Bi Harusi.

"Unawapeleka wapi, dada?"

"Bondeni. Kwenye kijito."

"Asubuhi na umande?"

"Ndiyo."

"Basi ndiko walikoipata. Minyoo inapenda unyevu na nyasi fupi. Ungewapandisha kule mlimani kwenye vichaka."

"Umesikia?" Mama Kauli alipata alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi. "Nilisema mimi! Nilisema wapeleke juu! Yeye anataka pa karibu, apate kulala kivulini. Mbuzi watatu! Mvivu hufukia nyumba nzima."

Bi Harusi alizungumza huku akitazama miguu yake. "Mlimani siwezi, kaka. Nikipanda pumzi inakata. Masikio yananivumia, naona giza. Ndiyo maana nikawa nashuka bondeni."

"Mimba siyo ugonjwa," alisema Mama Kauli. "Mwenzio nilibeba mwanaume uliyeolewa naye huku nikibeba kuni. Masikio hayakunivumia."

Bwana mifugo alimtazama Bi Harusi kitambo, kama mtu aliyeona kitu asichotumwa.

"Dada, kliniki unakwenda?"

"Leo ndiyo ilikuwa siku yangu."

"Ungekwenda," alisema taratibu. Kisha akainama kukusanya vifaa vyake, maana hakuwa daktari wa watu, na nyumba haikuwa yake.

Mbuzi wakapumzishwa. Walilala kwenye majani makavu, wakaletewa chakula mpaka mdomoni, wakanyweshwa maji ya ndoo safi. Aliyekuwa akiyaleta yote hayo ni Bi Harusi. Majani mazuri hayakuwa karibu. Alitoka asubuhi na panga na kamba, akarudi jua limepanda na mzigo kichwani, akanywa maji, akatoka tena. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na amri moja ya bwana mifugo, kwamba wenye damu kidogo wasiendeshwe, na iliwahusu wenye pembe tu.

Kila asubuhi Mama Kauli aliingia bandani na kufunua kope. Alifanya kazi ile kwa moyo wote. Yule jike mwekundu alianza kuonyesha rangi, kwanza kama chai ya maziwa, kisha waridi hafifu. Uvimbe wa taya ulipungua. Kitoto kimoja kilichokuwa hakisimami kikaruka, kikagonga ndoo.

"Mzee, njoo uone!" aliita, na kwa muda mfupi alionekana kama msichana.

Mwashi alikuja na fimbo yake, akaona, akafurahi kidogo.

"Wanaendelea vizuri," alisema. "Lakini mama, mkamwana wetu hapumui vizuri. Jana alitua mzigo pale getini akakaa chini kama mtu aliyepigwa."

"Amechoka. Nani hachoki?"

"Na ukuta wa chumba chake, nyuma ya mlango, umeuona? Udongo umekwanguliwa. Mimi ni mwashi, najua ukuta ulioliwa na mvua na ulioliwa na mtu."

"Wenye mimba wote hula udongo."

"Mmh. Zamani walisema ni safura, inamaliza damu."

"Na zamani walisema mwanaume asikae jikoni kusikiliza mambo ya wanawake."

Mwashi akanyamaza. Tangu avunjike nyonga alikuwa amejifunza kunyamaza. Kula yake ilitoka kwa mkono wa mkewe, na mkono ule ulikuwa pia na ulimi. Baadaye, alipokuwa peke yake, alijilaumu kwa kunyamaza kule kuliko kwa jambo lolote maishani mwake.

Bi Harusi mwenyewe hakulalamika. Mumewe alipompigia simu alimwambia ni mzima, kwa sababu Mama Kauli alikuwa amekaa karibu akichambua majani, na kwa sababu mtu aliye barabarani usiku na mchana hapewi habari za kumkosesha usingizi. Alimwuliza tu atarudi lini. Akaambiwa karibuni. Akasema haya.

Aliangukia uani, mchana kweupe, mzigo wa majani ukiwa bado kichwani. Hakupiga kelele. Magoti yalikunjika kwanza, kisha mzigo ukamtangulia, kisha yeye. Mbuzi waliokuwa bandani walisikia majani yakimwagika, wakaanza kulia kwa njaa.

Mama Kauli alitoka jikoni na ukali tayari mdomoni.

"Haya, sasa umeamua ku—"

Uso wa yule mtoto wa watu ulikuwa na rangi ya majivu. Vidole vya miguu vilikuwa vimefura, ngozi inang'aa. Alipiga magoti, akamwita, akampiga makofi mepesi shavuni. Kisha mkono wake, bila kuagizwa, ukafanya ulichozoea kufanya kila asubuhi. Kidole gumba kikashuka chini ya jicho, kikavuta kope.

Palikuwa peupe. Peupe kuliko yule mweusi aliyekufa mlangoni mwa banda.

"Mzee," alisema. Kisha akapaza sauti. "Mzee! Mwanangu anakufa!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Mwenyewe hakujisikia akilisema.

Gari lililokuwa karibu lilikuwa moja tu. Mwashi alichechemea mpaka buchani, fimbo ikimponyoka njiani, na Kisu akaacha wateja wamesimama na nyama mizanini. Alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka ndani ya ua. Nyuma kulikuwa na turubai lenye madoa, na harufu ambayo maji hayaitoi. Mama Kauli aliona hilo turubai, akasita. Kisu akavua shati lake, akalitandika.

"Sina lingine, mama. Tumpandishe."

Wakampandisha, Mwashi akakaa mbele. Mama Kauli alipanda nyuma, akakipakata kichwa cha mkamwana wake mapajani, pale wanapolazwa mbuzi wanaokwenda kuchinjwa, na kila gari liliporuka shimo alikikumbatia zaidi.

Muuguzi wa hospitali alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba. Alifunua kope, akabonyeza mguu, akasoma kadi.

"Huyu hajaonekana kliniki tangu lini? Vidonge vya damu alipewa mwanzoni tu. Dawa ya minyoo hakupata kabisa. Alikuwa wapi?"

Mama Kauli alifungua mdomo. Kulikuwa na wanawake wengine kwenye benchi, kila mmoja na mgonjwa wake, na wote walikuwa wakisikiliza.

"Alikuwa kwenye mbuzi," alisema.

"Kwenye nini?"

"Tulikuwa na mbuzi wagonjwa. Nilimwambia awashike."

Muuguzi alivua miwani, akamtazama kama anayetafuta pa kuanzia, kisha akaona hakuna faida.

"Anahitaji damu, na iliyopo ya kundi lake ni kidogo. Nani ndugu?"

Mume alikuwa mbali, simu yake haipatikani. Mwashi alikuwa mzee, akakataliwa mlangoni. Mama Kauli alikunja mkono wa nguo mpaka begani, akaunyoosha mbele ya mpimaji kama anayeutoa moja kwa moja. Walimtoboa kidole, wakapima, wakamwambia yake mwenyewe haitoshi, aende akale vizuri. Alisimama pale na pamba kidoleni. Hakujua aondoke au akae.

"Nipimeni mimi," alisema Kisu kutoka mlangoni, kifua wazi, tumbo mbele. "Damu ndiyo kazi yangu. Sijawahi kuikosa."

Watu kwenye benchi wakacheka, naye akacheka, lakini alipolazwa kitandani na kuiona sindano alifumba macho kama mtoto. Damu yake ilifaa. Alitoa, akanywa soda, akarudi kukaa na wazee wawili mpaka jioni, bila kusema neno la bei wala la mbuzi.

Bi Harusi alipona. Mtoto hakupona. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mvulana, mwepesi kama nguo iliyokauka, na hakulia. Muuguzi yule wa miwani alimfunga kwenye kitambaa safi, akamkabidhi Mwashi. Mwashi alimbeba kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akitembea kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia hata juu ya jukwaa.

Siku ya kuruhusiwa, alikuja kaka yake Bi Harusi. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, mafuta kwenye kucha. Alisalimia wakubwa inavyopasa. Kisha akasema hakuja kugombana.

"Nimekuja kumchukua dada yangu akapumzike kwetu. Mama yetu yupo, atamwangalia."

"Ana haki," alisema Mwashi.

Kaka mtu alimgeukia Mama Kauli, akisubiri mabishano, maana sifa za ulimi wake zilikuwa zimefika mpaka kwao. Mama Kauli hakubisha. Alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda. Bi Harusi alikuwa ameshavaa, jozi mpya ya viatu vya kamba miguuni, alivyoletewa na kaka yake. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, haina cha kushika.

"Mwanangu," alisema Mama Kauli. Maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha yakamtoroka. "Mimi nilikuwa natazama kila siku. Nilitazama wote. Wewe sikukutazama. Uliniambia pumzi inakata, nikakuita mvivu mbele ya mgeni. Nimekukosea. Sina pa kujificha. Naomba unisamehe."

Wodi ilikuwa na kelele zake, vikombe, watoto wa wengine. Bi Harusi alitazama dirishani, akamtazama mkwewe usoni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nimesikia, mama," alisema.

Mama Kauli alisubiri. Kaka mtu akachukua mfuko wa nguo, akamshika dada yake kiwiko, wakatoka hatua kwa hatua, wakipumzika kila penye benchi.

Mwana wa Mama Kauli alipiga simu baada ya kupita kwa wakwe zake. Alikuwa ameshamwona mkewe, alikuwa ameshaelezwa yote, na hakupandisha sauti. Mama Kauli angependa apandishe.

"Nimetafuta chumba huku karibu na yadi ya malori," alisema. "Akipata nguvu nitamleta nikae naye. Nyumbani tutakuja kuwasalimu."

"Ni vizuri, mwanangu."

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Nyonga tu, baridi ikizidi."

Ng'ambo ya simu injini ilikuwa ikiunguruma, watu wakiitana. Mama Kauli alidhani ameshakata, kisha sauti yake ikarudi, sauti ya adabu anayotumia mtu na jirani.

"Na mbuzi je, mama? Wanaendeleaje?"

Mama Kauli alikaa na simu sikioni.

"Wamepona," alisema. "Wote wamepona."